Nyumba ya Mtu Mmoja

Mwanamke wa Embu akisifiwa kwamba ana mkono, watu hawasemi habari ya kiganja na vidole vitano. Hivyo kila mtu anavyo. Wanasema kwamba akikandika ukuta haupasuki, akisuka kikapu hakivuji hata punje ya wimbi, na akipanga kuni zake uani hata jirani mwizi huona haya kuchomoa moja. Wawira, mke wa Njuki, alikuwa na mkono wa namna hiyo. Mkono huo ndio uliomponza. Kama angezaliwa mvivu kama Jedidah jirani yake, pengine leo angelala usingizi.

Nyumba yenyewe hakuichagua. Mwaka wa hamsini na tano, Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya Waingereza, ikiwa imepamba moto, serikali iliwatoa watu wote mashambani kwao ikawasukuma katika kijiji kimoja upande wa chini wa Karurumo. Kijiji kilizungushiwa handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha. Nyumba zilipangwa mistari kama mahindi ya shamba la shule, kila moja ikapewa nambari. Nyumba ya zamani ya Wawira, ile ya duara aliyojengewa na Njuki walipooana, ilichomwa na mahomugadi, wale askari wa kijijini waliotumikia serikali, asubuhi moja uji ukiwa bado mekoni. Njuki hakuwepo kuona. Alikuwa amezolewa sokoni Runyenjes mwaka uliotangulia, pamoja na wanaume wengine waliokwenda kuuza mbuzi, akapelekwa kizuizini Manyani, mbali kwenye joto. Hakuna aliyemwambia Wawira atakaa huko muda gani. Hata kosa lake hakuambiwa.

Basi waliohamia nambari arobaini na moja walikuwa wawili, Wawira na mama mkwe wake, Wambeti.

Wambeti alikuwa mzee wa kifua. Kila mwaka baridi ya mwezi wa saba ilimkamata, akakohoa mpaka kuku wakatoka nje, na kila mwaka alipona kwa dawa moja tu, nayo ni moto. Siku ya kuhama, wenzake walipokuwa wakibeba vyungu na ngozi za kulalia, yeye alibeba mafiga yake matatu mgongoni. Alipoingia katika nyumba mpya hakuuliza kitanda kitakaa wapi. Aliyapanga mafiga katikati ya chumba, akawasha moto, akauketia. Tangu siku hiyo moto ule haukuzimika.

"Hii nyumba ya pembe nne ni ya kuweka mizigo," alimwambia Wawira. "Mtu anaishi kwa duara. Pembe ni za kuficha baridi."

"Ndiyo hii tumepewa, Maitu," Wawira akajibu. Maitu ndivyo watu wa huko wanavyomwita mama, na Wawira hakumwita mzee huyu kwa jina lingine tangu aolewe.

"Mimi sijakataa, mwari wa Kivuti," mzee akasema, akimwita kwa jina la baba yake. " Nimesema tu baridi itakaa pale, pale, pale na pale." Akazionyesha pembe zote nne kwa kijiti cha moto, akacheka na meno yake matatu.

Wawira alimpenda. Hilo lisemwe mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine. Mama yake mzazi alikufa angali mdogo, na mwanamke aliyemfundisha kukanda udongo, kupima chumvi na kunyamaza mume akikasirika alikuwa Wambeti. Walikuwa wakilala kitanda hiki na kile, moto katikati, wakimzungumzia Njuki kana kwamba amekwenda tu kuchunga.

Mwezi wa saba ulipoanza, Lenah aliwakusanya wanawake uwanjani baada ya kazi ya mitaro. Lenah alikuwa kiongozi wa chama cha akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye mumewe alikuwa homugadi na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kukonda.

"Sikieni nyinyi. Bwana Disii, yule mkubwa wa wilaya, na Memsahibu wake watakuja Alhamisi ya wiki ya tatu. Watapita nyumba kwa nyumba kuchagua ile nzuri. Wanataka ukuta mweupe, dirisha, choo, na maua kwa mlango. Mbuzi ndani, hapana. Kupika ndani, hapana. Moshi ni ugonjwa."

"Na sisi tutapata nini?" akauliza Jedidah, mikono kiunoni.

"Wa kwanza atapewa zawadi. Na tena Chifu amesema, atakayeshinda atasimama mbele ya Bwana Disii aseme ombi lake moja la nyumbani. Moja tu."

Hakukuwa na mwanamke pale ambaye hakujua ombi lake, na karibu wote walikuwa na ombi moja. Wawira alitazama udongo mwekundu uliokauka kwenye mikono yake akasema moyoni, Njuki atarudi nyumbani kwa mikono hii. Alilisema kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake.

Akaanza. Waliruhusiwa kutoka nje ya handaki saa mbili tu kwa siku, kwenda mtoni na shambani, na saa hizo mbili Wawira alizipasua vipande. Alipoteka maji alichimba udongo mweupe ukingoni, akauficha chini ya mtungi. Aliuchanganya na uji mwepesi ili usipukutike ukikauka, akapaka kuta zote ndani na nje, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa kitambaa ili pasionekane alama ya kidole. Chini, mahali mvua inaporusha matope, alipiga mstari wa samadi iliyochanganywa na majivu, mweusi, mnyoofu kuliko barabara ya kwenda Embu. Alikata magunia akayashona, akayatandaza juu kama dari, akayapaka pia. Mwalimu wa misheni alimpa magazeti ya zamani naye akayabandika kwa ugali nyuma ya kitanda, picha zote zikitazama juu, maana aliwahi kuona nyumba ya Lenah ambako mfalme wa Uingereza alikuwa amesimama kwa kichwa. Alishona pazia la marekani akalitarizi maua mawili na neno KARIBU. Mlangoni akapanda maua ya njano akayazungushia mawe meupe.

Watu walikuja kuchungulia. Wanawake wa mistari ya juu walisimama mlangoni wakashika midomo. Jedidah alikuja akazunguka nyumba mara mbili akasema, "Wewe sasa utalala nje, usiichafue." Wawira alicheka. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu Njuki aondoke, na furaha ile ilimnyima kuona mbele.

Siku ya tatu baada ya kupaka, ukuta wa upande wa meko ulianza kugeuka rangi ya chai. Akapaka tena. Baada ya siku mbili chai ikarudi, na dari ya magunia ikaanza kushuka nyuzi za masizi. Moto wa Wambeti haukujua habari za Disii.

Wawira alijenga kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, fito nne na majani ya migomba. Kwa kupikia kilitosha. Kwa mzee wa kifua kukalia mwezi wa saba, upepo ukipita huku na kutokea kule, hakikufaa hata kwa kuku. Alilijua hilo. Siku nne kabla ya Alhamisi alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake.

"Maitu, huu moshi utatumaliza."

"Umenimaliza mara ngapi mimi? Niko hapa."

"Ni kwa ajili ya Njuki."

Mzee alichokoa moto kwa muda. "Njuki atatolewa kwa sababu ya ukuta?"

"Mshindi ataomba. Lenah amesema."

"Basi omba. Lakini mahali moto unalala ndipo mimi nalala." Akajiinua kwa taabu. "Nitaenda kwa Marcella. Nyumba yake ilikuwa chafu tangu tuko wasichana, hawezi kunifukuza."

"Siku nne tu, Maitu. Alhamisi jioni nakurudisha."

"Nimekuuliza siku?"

Marcella alikuwa mjane wa rika lake, aliyeishi nambari sitini, mwisho wa mstari. Wambeti alitangulia na kaa la moto kwenye kigae, Wawira akafuata na mafiga mawili, kisha akarudi kuchukua la tatu. Kitanda cha mzee na ngozi yake iliyonuka moshi akavipeleka pia. Halafu akarudi peke yake akaliziba shimo la meko kwa udongo na samadi, akalisugua kwa jiwe mpaka sakafu ikawa laini kana kwamba hapajawahi kupikwa kitu. Aliposimama mlangoni kutazama, nyumba ilikuwa nzuri ajabu. Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini siku ile nani angemwambia?

Alhamisi ilikuja na manyunyu. Bwana Disii alibaki njiani na Chifu wakilikagua handaki. Lenah alikuwa uwanjani akichemsha chai ya wageni. Aliyeingia nyumba za watu alikuwa Memsahibu, mwanamke mrefu mwenye kofia na viatu vya mpira, pamoja na karani wake Mutembei. Huyu Mutembei alikuwa mtu wa Meru, upande wa Githongo, ameletwa kazini mwezi uliopita tu, hakumjua mtu wala mama wa mtu. Alikuwa na daftari refu na penseli nyuma ya sikio.

Memsahibu alipitisha kidole kwenye ukuta akakitazama. Akainua uso akaitazama dari. Akalishika pazia, akatabasamu.

"Safi sana. Nani nafanya hii yote?"

"Ni mimi, Memsahibu."

"Na wewe nakaa na nani hapa?"

Swali dogo. Lakini Wawira aliona kitanda kimoja. Aliona sakafu isiyo na meko, na akaona kwamba akisema ana mama mkwe mgonjwa, ataulizwa analala wapi na anaota moto wapi, na jibu ni nambari sitini kwenye masizi. Nyumba nzima, kazi ya wiki tatu, ingekuwa imemfukuza mzee.

"Nakaa peke yangu," akasema.

"Hakuna mtu mwingine?" akauliza Mutembei, penseli juu. "Mzee, mtoto, mgonjwa?"

"Hakuna."

Karani akaandika. Walipotoka, Wawira alijitafutia ngao. Kwao watu hawahesabiwi, anayewahesabu watu wa nyumba yake huwaitia kifo, na hata mtoto mdogo akiulizwa wako wangapi kwao hujibu, "Tuko." Kwa hiyo, alijiambia, hakudanganya, alifuata tu mila. Alijua anajidanganya. Mila inakataza kuhesabu, haimwambii mtu aseme hayupo aliyepo.

Saa sita wote waliitwa uwanjani. Nambari arobaini na moja ilitajwa ya kwanza, na wanawake wakapiga vigelegele wengine kwa moyo, wengine kwa meno. Wawira alipewa taa ya kioo na karatasi yenye muhuri. Chifu akamsukuma mbele. "Haya, sema ombi lako."

"Naomba mume wangu, Njuki, arudi nyumbani."

Bwana Disii alisema maneno marefu kwa Kiingereza. Mutembei akayafupisha. "Anasema uandike barua, ueleze sababu. Wale wenye wazazi wazee au wagonjwa, ambao hawana mtu wa kuwatunza, ndio wanaangaliwa kwanza."

Nafasi ilikuwa hiyo, mchana kweupe, mbele ya watu wote: ninaye, yuko kwa Marcella, nilimficha. Taa ilikuwa mikononi mwa Wawira na wenzake wakimtazama kwa wivu. Akasema, "Asante, Bwana," akarudi mahali pake. Katika mambo yote ya maisha yake, hilo ndilo analolirudia moyoni zaidi. La nyumbani lilimponyoka ghafla, lakini la uwanjani alilifikiri kwanza.

Barua aliiandika wiki ile ile. Alisoma misheni mpaka darasa la nne na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama ukuta wake. Akaeleza kwamba mume wake ana mama, jina lake Wambeti, mzee, mgonjwa wa kifua, hana mwana mwingine. Alidhani daftari la karani na barua yake havitakutana.

Alhamisi jioni ilipita na Wambeti hakurudishwa. Lenah alikuwa amekuja mbio. "Usirudishe moshi sasa, wewe! Akina mama wa Kyeni wanaletwa Jumamosi kuiona nyumba yako. Wewe ndiye mfano." Wakaja wa Kyeni, wakafuata wengine, na wengine tena. Siku nne zikawa miezi minne. Kila asubuhi Wawira alipeleka uji nambari sitini, na kila asubuhi mzee alimtania.

"Nyumba yako haijambo? Haijaolewa bado?"

"Bado kidogo, Maitu. Barua ikijibiwa tu."

"Sawa. Mimi niko kwenye moto."

Mwezi wa kumi na moja mume wa Jedidah alirudi. Jedidah! Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mashindano; Memsahibu alitoka ndani akifuta macho kwa moshi, na mbuzi akatoka nyuma yake. Lakini mle ndani alikuwa amemwona baba mkwe wa Jedidah, kipofu, ameketi kwenye meko na kikombe chake, na karani aliandika alichokiona. Jedidah hakuwa ameandika hata barua. Wawira alikwenda kumpongeza, akala njahi, yale maharage meusi ya sherehe, na kila punje ilimkwama.

Mwezi uliofuata Mutembei alimwita ofisini kwa Chifu. Barua yake ilikuwa juu ya meza, imepigwa mstari mwekundu.

"Kwa nini unadanganya serikali?" akauliza, bila ukali, kama mtu aliyechoka. "Nyumba arobaini na moja: mtu mmoja, mke, hali nzuri sana. Si wewe ulisema mwenyewe?"

"Nilisema. Nilikosea. Mama yuko, Bwana Karani. Yuko kwa Marcella, nambari sitini."

Mutembei akafungua daftari, akalamba kidole, akafunua. "Nambari sitini. Wajane wawili, wazee. Yule mwenye kikohozi ndiye unasema?"

"Huyo! Ndiye mama wa Njuki."

"Nilimuuliza mimi mwenyewe. Nilimuuliza, mama, una mtoto wa kiume yuko kizuizini? Njoo usome, si umesoma wewe?"

Wawira alisogea akasoma. Mwandiko wa penseli ulikuwa umeandika: Asema hana mwana. Asema hapa ndipo kwake.

"Kwa hiyo huko juu wamejibu kwamba mtu huyu hana mama, na sababu ya barua ni uongo," karani akasema. "Wamepeleka nakala Manyani, iingie kwenye faili yake. Mimi sina la kufanya."

Wawira hakumbuki alivyofika nambari sitini. Wambeti alikuwa mlangoni kwenye jua, akipepeta njahi.

"Maitu, ulisema huna mwana?"

Mzee aliendelea kupepeta. "Walitoka kwako wakaja hapa. Yule karani akamwambia Marcella, huku anacheka, yule wa arobaini na moja anayeishi peke yake ndiye atashinda. Nikajua umesema nini." Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Akaniuliza mimi. Ningesema Njuki ni wangu, ungekuwa mwongo mbele ya Mzungu, na nyumba yako ikose. Nikafikiri, acha ashinde. Njuki akija, neno nitalifuta."

Wawira alipiga magoti palepale kwenye vumbi akalia, akaomba msamaha kwa majina yote aliyoyajua. Mzee alimwambia ainuke, watu wanatazama. Wakaenda pamoja kwa karani, Wambeti akiegemea fimbo na kupumzika mara sita njiani, akasimama mbele ya meza akasema, "Mimi ni mama wa Njuki." Mutembei alimtazama kwa huruma, na huruma yake haikuwa na kazi. "Mara huna mwana, mara unaye. Nikiandika hivyo, mimi ndiye nitafukuzwa. Hata daftari lenyewe lilikwisha kunakiliwa."

Siku hiyo hiyo Wawira alichukua jembe akaivunja sakafu yake. Aliichimba pale katikati, akayarudisha mafiga, akawasha moto mkubwa wa kuni mbichi, akafunga dirisha kusudi moshi ushike. Lenah alipokuja kupiga kelele alimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Kisha akaenda kumchukua mama mkwe wake.

Wambeti alikataa.

"Nimemkana kwa mdomo huu, mchana. Neno la mzazi halifutwi na mke wa mtu. Linafutwa na mwana mwenyewe amesimama mbele yangu, na kondoo wa kuchinja. Kabla ya hapo nikilala nyumbani kwake ninamletea balaa huko aliko. Si ana ya kutosha?"

"Na ofisini si umesema ni wako?"

"Ya ofisini ni ya ofisini."

Hakuna aliyeweza kumbembeleza, si Marcella, si mchungaji. Alikaa nambari sitini miezi kumi na tisa tangu siku ile ya ofisini, macho kwenye njia ya kutoka Embu, na kila jioni Wawira alipopeleka chakula aliulizwa kama kuna barua. Mwezi wa saba wa mwaka wa hamsini na saba kikohozi kilikuja kama kawaida yake, na safari hii moto haukutosha. Alifia kwa Marcella, kwenye nyumba ya watu. Akazikwa nje ya handaki, mahali palipotengwa, na mwenye haki ya kutupa udongo wa kwanza hakuwepo.

Njuki alirudi mwaka uliofuata, mchana, kwa miguu kutoka Runyenjes, amebeba blanketi la kambi begani. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zilikuwa zimeingia mvi. Hakuuliza kwa nini nyumba ina kuta nyeusi na pazia lililoandikwa KARIBU. Alikunywa uji, akaomba aonyeshwe kaburi. Alisimama pale muda mrefu, akarudi akaketi kwenye meko. Jicho lake lilikuwa kavu.

Wawira alimweleza yote. Alikuwa amejiandaa kwa mwaka mzima, na hakujipunguzia kitu: kitanda kimoja, swali la Memsahibu, jibu lake, kimya chake uwanjani, maneno ya mama na sababu yake. Alimaliza akainamisha kichwa, akingoja kupigwa au kufukuzwa. Kwa kweli alikuwa akilitamani mojawapo.

Njuki alikuwa akigeuzageuza kikombe mkononi.

"Kumbe ni hiyo," akasema mwishowe.

"Nini?"

"Kule walikuwa wanatuita mmoja mmoja. Anayesema ukweli anapelekwa kambi ya karibu na nyumbani, halafu anaachiliwa. Mimi jina langu lilikuwa limefika. Yule mkubwa akafungua faili akaniuliza, mama yako yuko wapi? Nikasema yuko nyumbani, na mke wangu. Akasema, faili inasema huna mama. Nikasema ninaye. Akaniuliza mara tatu, na mara tatu nikasema ninaye. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akanirudisha nyuma kabisa, kwa wale wabaya. Kila nikiitwa wananiuliza hilo, na kila nikijibu wananirudisha."

Wawira aliweka mkono mdomoni.

"Halafu nikafikiri," Njuki akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za mvua. "Nikasema, serikali haiwezi kuandika huna mama bure. Lazima amekufa, na Wawira anaogopa kuniambia. Nikaomba wembe kwa mwenzangu nikanyoa nywele kama mfiwa. Nikamlilia wiki nzima, wazee wa Embu waliofungwa mle wakanifariji. Na nilipoitwa tena nikasema, kweli, sina mama. Ndipo jina langu likaanza kusogea." Akamtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Usinishangae nikikosa machozi leo. Yalikwisha huko."

"Ilikuwa lini?" Wawira akauliza. "Siku uliyonyoa, ilikuwa lini?"

"Karibu na Krismasi. Mwaka wa hamsini na sita."

Wawira aliikumbuka Krismasi ile. Wambeti alikuwa na nguvu kidogo. Alikuwa ameketi mlangoni kwa Marcella, amejifunga shuka safi, akamwambia wakati anapokea chakula, "Mwari wa Kivuti, leo nimemuota Njuki. Alikuwa anakuja, lakini hakunijua."